Geti Linafungwa kwa Ndani

Pongwe, nyuma ya kinu cha Mntambo,
mabanda mawili yanatazamana.

Katika la kwanza, Rotwaila. Shingo kama kiroba cha saruji,
nukta mbili za hudhurungi juu ya macho.
Hana papara. Anakutazama kama mtu anayekudai
na ana hakika utalipa.

Katika la pili, Shepadi wa Kijerumani. Hatulii.
Ananusa kiatu, ananusa mkoba,
anatuhesabu mimi na Kihiyo,
anatuhesabu tena, asije akapoteza mmoja.

"Mnataka mbwa wa nini?" akauliza Mntambo.
Ulinzi, tukasema. Kila mtu husema ulinzi.
Chumbageni, tangu Mfunguo Mosi,
betri za magari matatu zimeota miguu.

Usiku Kihiyo akapiga mstari katikati ya karatasi.
Rotwaila: utumbo, kilo moja na nusu kwa siku;
mwizi akimwona tu, anakumbuka kwao.
Shepadi: manyoya; joto la Februari; daktari wa mifugo.
Zubeda, miaka tisa, akamtaka Shepadi,
amemwona kwenye kalenda.
Shangazi Mwanahawa akataka paka.
Akilazimishwa, basi, banda liwe mbali na msala wake,
sahani ya mbwa isivuke kizingiti cha jiko,
na ndoo ikirambwa, mara saba, moja kwa udongo,
"na mwoshaji ni wewe, si mimi."

Baba hakuulizwa. Alikaa pembeni
anakata kona za gazeti, vipande vidogo sawasawa,
kama alivyotoboa tiketi za reli
miaka thelathini na moja.

Saa nane za usiku komeo likalia.
Kihiyo akachukua panga. Mimi tochi.

Hakuwa mwizi.
Alikuwa Baba, kanzu ya kulalia, kofia ya kazi,
mkononi taa isiyo na mafuta,
anahangaika na geti kwa ndani.
"Nipisheni. Treni ya Korogwe haiondoki bila mimi."
Mara ya tatu mwezi huo. Ile ya pili
kijana wa bodaboda alimkuta relini,
ameketi, anasubiri ishara.

Nilimshika mkono. Akaniita kwa jina la mama.

Asubuhi nikageuza karatasi,
nyuma yake nikaandika swali moja tu,
nikampigia Mntambo.

Kimya. Nikasikia kinu kikisaga.
Kisha: "Rotwaila ana moyo, nisimsingizie.
Lakini mzee, gizani, na taa, na kusukumana…
sitaapa.
Huyu mwingine babu zake walichunga kondoo.
Kondoo hang'atwi. Anakatwa mbele,
anasukumwa kwa bega,
na mbwa anabweka mpaka mwenye kundi aamke."

"Kasoro yake?"

"Atachunga hata ndoo. Manyoya utayakuta kwenye pilau.
Usimnyoe; mpe kivuli na sakafu ya baridi.
Na mpe kazi, la sivyo atajitafutia."

Kazi tulikuwa nayo.

Sasa ana mwaka. Sikio moja limekataa kusimama.
Shangazi humpitia mbali, ameinua pindo la kanga,
ila alfajiri moja nimemsikia dirishani:
"Wewe. Umemwona kaka yangu?"

Baba humwita Inspekta.
Humpa kipande cha gazeti pale getini,
Inspekta hukinusa, hakikubali,
na Baba hurudi kulala akinung'unika
juu ya wakubwa wa siku hizi.

Juma lililopita wameiba betri yetu.
Mbwa hakubweka hata mara moja.
"Mlinzi gani huyu!" Kihiyo, kifua wazi,
mbele ya boneti iliyoachwa imeachama.

Nikazunguka uani kumtafuta.
Alikuwa amejilaza mlangoni pa Baba, mwili mzima,
jicho moja wazi,
na ndani mtu anakoroma
kama behewa linalopanda mlima taratibu,
bila haraka ya kufika.